Karanga za Kasokola

Karanga mbichi zikichemshwa na maganda yake hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Ni harufu ya udongo uliopata moto. Kwanza unanusa mchanga, hata kama umeziosha mara tatu. Kisha chumvi. Halafu, maji yakianza kupungua sufuriani, inakuja harufu nzito, karibu na ya nyama, inayowatoa watoto popote walipojificha. Kama hujawahi kuzila hivyo, nikuelekeze, maana kuna namna yake. Usibangue kwa haraka. Ng'ata ncha ya ganda, lifinye kidogo, ufyonze kwanza yale maji ya chumvi yaliyojikusanya ndani. Punje ni baadaye. Baba yangu ndiye aliyenifundisha, na alikuwa akisema kwamba anayeanza na punje hakulelewa.

Juzi nilichemsha sufuria nzima hapa kwangu, mtaani Shanwe. Harufu ilipofika barazani alipokuwa amekaa baba, binti yangu akamuuliza swali. Nitakuambia swali lenyewe, lakini uniruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu bila habari ya karanga utaliona ni swali dogo.

Nilikulia Shanwe hii hii, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba, ambaye jina lake ni Yohana, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yetu: nguzo nne, mabati mawili, na beseni la maji la kutafutia pancha. Kwenye mtaa wetu watu walikuwa wametoka kila upande, na mtu akihamia, swali la kwanza halikuwa jina lake. Aliulizwa, "Kwenu wapi?" Jibu ndilo lililokupa kiti cha kukalia kati ya watu. Kwa rafiki yangu Pendo, nyumba ya pili kutoka kwetu, walikuwa Wafipa. Kila Krismasi walipanda basi kwenda kwao Sumbawanga, wakarudi na maharage na majina ya mabinamu wapya.

Sisi tulikuwa na Kasokola.

Kasokola si mbali na mjini. Fundi baiskeli angefika kabla jua halijawa kali. Lakini mimi na wadogo zangu hatukuwahi kuiona. Kila mwaka mvua zikikatika, baba alifunga kibanda, akajaza upepo kwenye matairi, akasema, "Naenda nyumbani kung'oa karanga." Alikaa huko wiki mbili, mara nyingine tatu. Alirudi ameungua shingo, kucha zimejaa udongo, na gunia la karanga limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi. Mama alizichemsha, na sisi watoto tukapita na mabakuli kwa majirani. "Za nyumbani hizo," baba alituagiza tuseme. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyoagiza.

Tulipomwomba atuchukue, alikuwa na sababu. Mwaka huu nyasi ni ndefu, zina nyoka. Mwaka huu daraja limezolewa na maji. Badala ya safari alitupa maelezo, na ninakuambia ukweli, baba alijua kueleza. Huku akikwangua mpira wa tairi kwa msasa, alituongoza njia nzima. Ukipita kanisa, njia inagawanyika kwenye kichuguu chekundu kirefu kuliko mtu. Shika ya kushoto. Utauona mninga wenye mashina mawili, juu yake umening'inia mzinga wa nyuki wa magome. Mbele yake kuna kisima, na mdomoni mwa kisima kuna jiwe bapa, na kamba ya ndoo imepita juu ya jiwe hilo miaka mingi hata imelichonga mfereji. "Kidole chako kinaingia chote," alisema. "Na maji ya asubuhi yana ladha ya chuma."

Kulikuwa na msemo pia. Nikiacha vyombo nusu, au hesabu za shule nimefanya tatu kati ya tano, baba hakunichapa. Aliniangalia tu, akasema, "Editha, mtu wa Kasokola halazi karanga ardhini." Yaani ukishang'oa, unamaliza shamba, kinachobaki kinaliwa na mchwa. Nikainuka nikamalizia. Niliona aibu kuwaangusha watu wa kwetu.

Mama hakuwa na hadithi za Kasokola. Baba alipoanza, mama aliinuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Nilikuwa mkubwa tayari nilipokumbuka kwamba siku nyingine hakukuwa na chungu chochote motoni.

Kulikuwa na jambo moja zaidi lililonifanya nijione mtu mwenye kwao. Baba na mama walikuwa na kilugha chao. Walikiongea nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, na hawakutufundisha. "Nyie someni Kiswahili," walisema. Lakini mtoto ni kama kuku, haachi kudonoa. Niliokota neno hapa, neno pale. Nilijua kwamba baba akiingia jioni, mama alimwambia polepole, "Mwiriwe," naye akajibu hivyo hivyo. Nikajua hiyo ni salamu ya kwetu. Nikaiweka akiba kwa siku nitakayofika Kasokola.

Mwaka nilipokuwa darasa la tatu, baba alirudi na gunia kama kawaida, ila kichwa kimenyolewa chote, kinang'aa. Alisema ni chawa, ghalani kulikuwa na chawa. Tulicheka wiki nzima. Mdogo wangu alikuwa akipiga kofi lile para kila akipita, akiimba, "Kipara ngoto!" Baba alimwacha apige. Mama hakucheka, akaenda kuangalia chungu.

Nilipofika darasa la tano, kwaya yetu ya watoto kanisani ilialikwa Kasokola kwenye ibada ya mavuno. Nikajua siku yangu imefika. Gunia la mwaka huo baba alikuwa ameshalileta, na siku hiyo alikuwa amekwenda Kabungu kufuata vipuri, akalala huko. Mama alisita mlangoni, akashika kola ya gauni langu la kwaya, akakifungua na kukifunga kifungo chake mara mbili. "Ukaimbe, urudi," alisema. "Usizungukezunguke." Nilimwambia ndiyo, na moyoni nikasema, mtu hazungukizunguki kwao.

Kwenye lori nilimwambia Pendo, mbele ya wote, "Leo nitakuonyesha kwetu." Nilikuwa nimekula maharage ya Sumbawanga miaka mitano. Ilikuwa zamu yangu.

Baada ya ibada, watu wakingojea chakula, nikamshika mkono. Sikumuuliza mtu njia. Tulipita kanisa, na pale, kama nilivyoahidiwa, njia ikagawanyika kwenye kichuguu chekundu kirefu kuliko mtu. Nikashika ya kushoto. Sijui kama umewahi kuona kwa macho kitu ulichokijua kwa masikio tu. Miguu yangu ilikuwa haigusi chini. Mninga ule pale, mashina mawili. Mzinga ule pale. Kisima, na jiwe bapa, na mfereji. Nikachukua kidole cha Pendo nikakiingiza kwenye jiwe, kikaingia chote.

"Ee, Editha," Pendo alisema, "kweli kabisa."

Uani, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya lundo la karanga zilizong'olewa na majani yake, mguu mmoja umevimba ameunyoosha mbele, akichambua. Baadaye nilijua anaitwa Bibi Kalunde. Pembeni yake alikuwa mkwewe, Mama Shija, na watoto watatu. Nikajua huyu ndiye bibi yangu, au dada wa bibi yangu. Nikapiga goti, nikatoa akiba yangu.

"Mwiriwe, bibi!"

Mikono ya bibi ikasimama. Akamtazama mkwewe, kisha akacheka kwa furaha, meno machache yote nje.

"We Mama Shija, umesikia? Haka katoto kananisalimia Kirundi!"

"Hapana, bibi," nikasema kwa upole, nikidhani masikio yake yamechoka. "Ni kilugha cha hapa."

"Cha hapa kwa nani?" Mama Shija akadakia. "Hapa tunaongea Kikonongo, mdogo wangu. Labda cha humo ndani ya lori mlilokuja nalo."

Watoto wakacheka. Pendo akacheka. Hata mimi nikacheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa na hajajua kama ameumia.

"Haya, nyie wa wapi?" bibi akauliza.

"Huyu ni Pendo, wa Shanwe. Mimi ni wa hapa. Hapa ni kwetu."

"Kwenu hapa! Wa nani sasa?"

"Wa Yohana. Fundi baiskeli."

Hapo uso wa bibi ukabadilika. Ungekunjamana, ningejua la kufanya. Ningesema kuna ugomvi wa ukoo. Lakini ulifunguka, ukawa na huruma na upendo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Yohana! Mama Shija, si yule Mrundi anayetung'olea karanga? Mwangalie paji la uso, lile lile. Mtoto wa Yohana wetu! Karibu, mama, karibu ukae."

Sikukaa. Bibi Kalunde aliendelea kwa wema, neno baada ya neno, kama mtu anayekutilia chakula bila kuona kwamba umeshiba. Baba yako ana mkono, alisema. Vibarua wengine wanaacha nusu ardhini, yeye halazi hata punje. Analala pale, akanionyesha kibanda cha majembe na mizinga mibovu. Msimu ukiisha tunampa gunia lake, na zamani alikuwa akipitia kwanza kwa mama yake kule makazi ya wakimbizi, ndipo arudi mjini.

Kisha akashusha sauti. "Poleni na bibi yenu. Mwaka ule alipokuja kutoka kumzika, kichwa kimenyolewa, siku mbili hakusema neno. Analima tu. Nikamwambia Yohana, pumzika. Hataki."

Nilikuwa na bibi. Alikuwa hai miaka yangu yote hadi darasa la tatu, umbali wa safari ya baiskeli. Na sisi tulikipiga makofi kichwa cha mtu aliyefiwa na mama yake, tukiimba.

Bibi Kalunde akanijazia karanga kwenye kitambaa changu cha kichwani, akafunga fundo. Pendo alikuwa bado amesimama kisimani. Alikuwa amesikia yote.

Kwenye lori alikaa upande wa pili. Katikati ya njia akanitazama, akasema, bila ubaya, kama mtu aliyepata jibu la kitendawili, "Kumbe nyie wakimbizi." Mtu wa tatu akauliza, wakimbizi akina nani? Tulipoingia mjini lori zima lilikuwa linaimba kwa sauti ya kwanza na ya pili, kama tulivyofundishwa: "Mwiriwe, Editha, mwiriwe!" Jina hilo, Mwiriwe, nilikaa nalo mpaka namaliza darasa la saba. Pendo hakuwahi kuliimba. Lakini pia hakuwahi kusema, "Acheni."

Kesho yake baba alirudi. Nilimkuta kibandani ameinama juu ya beseni, amezamisha mpira, anasubiri mapovu. Nikaweka kile kitambaa kwenye benchi lake, nikafungua fundo.

"Bibi Kalunde anakusalimia."

Nilitaka akane. Nilitaka aseme, huyo bibi mchawi, muongo, ametunyang'anya shamba. Ningemwamini, nakuapia. Baba alitazama karanga. Mapovu yakatoka kwenye maji, puta puta, wala hakuweka kidole mahali penye tundu.

"Mguu wake bado unamsumbua?" aliuliza.

Nikazisukuma karanga karibu yake.

"Na kisima? Bado wanatumia kamba?"

"Ulisema ni kwetu!" Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anapita akageuka. "Ulituambia tuseme kwa majirani!"

"Punguza sauti, mwanangu." Ndipo akauliza lile alilolihofu. "Ulikuwa na nani?"

"Na Pendo. Na kwaya yote."

Mkono wake ukabaki ndani ya maji. Sikuelewa. Nilidhani ni aibu, na nilifurahi kwamba ana aibu.

Acha nikueleze ambacho sikukijua siku ile. Zamani hizo watu wa makazi hawakuruhusiwa kuishi nje ya makazi bila kibali, na kibali cha baba kilikwisha kabla mimi sijazaliwa. Kibanda, nyumba, nafasi zetu shuleni, vyote vilisimama juu ya jibu la swali moja la mtaani. Wiki tatu baba aliweka mkoba umefungwa nyuma ya mlango. Kila pikipiki iliyosimama nje ilimfanya ainuke. Hakuna aliyekuja. Mama Pendo alirudisha bakuli letu likiwa na unga ndani, kama siku zote, na hakusema kitu. Labda mtaa ulijua siku nyingi. Labda sisi watoto tu ndio tuliodanganywa.

Mama, nilipombana, alisema sentensi moja: "Hata mimi nilikatazwa kukwambia."

Mwaka uliofuata mvua zikakatika na baba hakufunga kibanda. Wala mwaka uliofuata huo. Mama alinunua karanga sokoni akachemsha. Baba alisema tumbo linamuuma. Mimi nilifurahi tena. Sikujua kwamba namwona mtu anayenyimwa kwao mara ya pili.

Baadaye sana wazazi wangu walipata uraia, na baba akaifunga ile karatasi ndani ya nailoni mbili akaiweka chini ya godoro. Nikiwa chuo cha ualimu, mama alinipeleka makazi kuliona kaburi la bibi. Shangazi nisiyemjua alinikumbatia, akanishika mikono muda mrefu, akanipa ndizi, akanitandikia mkeka mpya. Mkeka mpya ni wa mgeni. Niliangalia migomba, njia, mlima, nikingoja kitu kiamke ndani yangu. Kila mtu pale alikuwa na paji la uso langu. Nilihitaji mtu wa kunionyesha choo kilipo.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa alichonifanyia baba. Watu wanafikiri uongo wa namna hii unakunyima kwenu. Ungeninyima tu, ningevumilia. Mtu anaweza kujifunza kwao hata ukubwani. Lakini baba alinipa mahali, akanipa njia, maji, mti na msemo, akanilea kwa hivyo vyote, halafu ikaonekana ni vya mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kumaliza nilichoanza. Wenzangu shuleni wananijua hivyo. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu hakubali tatu kati ya tano. Tabia hiyo niliipata kwa watu wa Kasokola, ambao hawakuwahi kunizaa. Au niliipata kwa kibarua mmoja wa Kirundi aliyekuwa akisifiwa kwa mkono wake, akaona vema sifa yake awape waliomwajiri. Nimejaribu kumsamehe kwa sababu hiyo ya pili. Siku nyingine naweza. Nikikumbuka lile para, siwezi.

Kwa hiyo sasa unaweza kulisikia swali la binti yangu kama nilivyolisikia mimi juzi, nikiwa nimeshika mwiko. Ana miaka kumi. Shuleni wameambiwa waandike habari za kwao. Alikaa miguuni pa babu yake, akafyonza maji ya chumvi kwanza, kama alivyofundishwa, akauliza:

"Babu, kwetu hasa ni wapi?"

Niliacha kukoroga. Baba ni mzee sasa, lakini kichwa chake ni kizima. Nilimwona anavuta pumzi, ile pumzi ya kuanza njia: kanisa, kichuguu, kushoto. Akanitazama. Akaishusha ile pumzi.

"Muulize mama yako," alisema. "Mimi swali hilo nilishalijibu vibaya."

Miaka yote hii sikuwahi kusikia neno lingine kutoka kwake lililokaribia kuwa samahani. Nilitaka kulishika, kuligeuza, lakini mtoto alikuwa tayari amenigeukia, kalamu mkononi, daftari limefunguliwa, akingoja kwa imani ile niliyoijua.

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, ule ninaowafundisha watoto wa wenzangu kuusema kila siku. Nilitaka kuanza na kaburi la bibi, migomba na mkeka mpya. Na kitu cha kwanza kilichonijia machoni, kabla ya vyote, kilikuwa jiwe bapa lenye mfereji wa kamba, na ulimini mwangu ladha ya chuma, ya maji ambayo siku ile, kwa haraka ya kumwonyesha Pendo, hata sikuyanywa.